Aliyeshika maiki na aliyeshika jiwe: mashoga wanapopigwa, viongozi wa dini wanabeba nini?

#1 Fundi Mitambo (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Miaka saba nilikaa nyuma ya kanisa kwenye meza ya sauti. Jumapili nashika vitufe, Jumatatu nakata klipu za mahubiri na kuzirusha mtandaoni. Anayekaa pale nyuma hasikii mahubiri kama aliyekaa kwenye benchi. Yeye anasikia ujumbe, mimi natazama taa: kijani, njano, nyekundu. Mhubiri akipaza, taa inakimbilia nyekundu, nashusha. Akinong'ona, napandisha.

Siku moja mhubiri akagusa habari ya mashoga. Dakika kama kumi taa haikutoka kwenye nyekundu. Laana, uozo, ugonjwa unaowanyemelea watoto wenu. Watu wamesimama, wengine juu ya viti. Kisha, huku anajifuta jasho na uso ameugeuzia pembeni ya maiki, akasema, "Lakini msiwapige, tuwaombee." Taa haikufika hata njano. Nilikuwa bado nimeshusha, sikuwahi kupandisha.

Jumatatu nikakata klipu. Sentensi ile haikuingia. Sikuitoa kwa ubaya, haikuwa na nguvu tu, na klipu inataka nguvu. Ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kurusha. Komenti ya kwanza kupendwa na wengi iliuliza, "Wanaishi wapi?" Ya pili ikajibu. Ile ya pili niliifuta. Klipu nikaiacha.

Sina ushahidi kwamba kuna mtu aliguswa kwa sababu ya klipu ile, na sitajifanya ninao. Ila tangu siku hiyo naangalia matukio ya wenzetu kwa jicho la fundi.

Chukueni Tbilisi, mji mkuu wa nchi ya Georgia, tarehe 17 Mei 2013. Kikundi kidogo kilitaka kusimama barabarani kuadhimisha siku ya kupinga chuki dhidi ya mashoga. Siku moja kabla, Patriaki Ilia II, aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la kule, aliitaka serikali izuie mkusanyiko huo. Hakumwambia mtu apige. Kesho yake maelfu wakamiminika, mbele yao mapadri wenye majoho meusi, wakavunja mistari ya polisi. Wapo wanawake waliokuja na mafungu ya majani yanayowasha, ya kuchapia watu. Ipo picha ya padri ameinua kigoda juu, ilizunguka dunia nzima. Polisi waliwapakia wale wachache kwenye mabasi madogo kuwatorosha, umati ukayavamia mabasi. Mwaka uliofuata kanisa likaitangaza tarehe hiyohiyo kuwa siku ya utakatifu wa familia. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaitia hatiani serikali ya Georgia kwa kushindwa kuwalinda watu wale. Serikali, mmeona? Joho halikuguswa.

Kwa hiyo mimi simuulizi mhubiri anaamini nini, hilo ni lake na Mungu wake. Namuuliza alipaza wapi, alishusha wapi, na Jumapili iliyofuata alisema nini. Karibuni.

#2 Mtoto wa Mchungaji

Mleta mada, kalamu unayo ila unatupeleka kubaya. Baba yangu amehubiri miaka thelathini, dhambi anaiita dhambi, na hajawahi kutuma mtu kumpiga mtu. Kwa hesabu yako, akikemea ulevi leo, kesho mlevi akipigwa baa basi baba yangu ana kesi?

Uswidi walishaijaribu njia hiyo. Mchungaji Åke Green alihubiri mwaka 2003, akaufananisha ushoga na saratani katika mwili wa jamii. Mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mahakama ya rufaa ikamwachia, na Novemba 2005 Mahakama ya Juu ya nchi ikasema hana hatia. Nchi huria kama ile imeshindwa, wewe na meza yako ya sauti utaweza?

#3 Kisu Butu

Mabeberu wamekutumia ngapi? Ajenda zenu tunazijua.

#4 Fundi Mitambo

Kisu Butu, naanza na wewe kwa sababu ni mfupi. Machi 2009 palifanyika semina Kampala ya kuwafundisha viongozi wa dini, walimu na wanasiasa hatari ya mashoga. Waliofundisha walikuwa Wamarekani watatu, mmoja wao mchungaji Scott Lively. Mwaka uleule ukaingia bungeni muswada uliokuwa na adhabu ya kifo. Septemba 2016 Afrika Kusini ilimpiga marufuku kuingia nchini mchungaji mwingine wa Marekani, Steven Anderson. Akaenda Botswana, akasema redioni kwamba mashoga wauawe, wakamfukuza. Miezi michache kabla, 12 Juni 2016, watu 49 walikuwa wameuawa kwa risasi kwenye klabu ya mashoga kule Orlando, na mchungaji mmoja wa Sacramento akasimama kanisani kusema msiba ni kwamba hawakufa wengi zaidi. Ukitafuta kilichotoka ng'ambo, kagua na hilo begi.

Mtoto wa Mchungaji, hoja yako ya mlevi ni nzuri na nimelala nayo. Kuhusu Green nakubaliana nawe: sitaki mhubiri afungwe kwa kuhubiri, hata mahubiri yanayonichefua. Lakini mlevi hana mtu anayemwogopa. Hakuna anayesimama kwenye kiti kanisani mlevi anapotajwa, watu wanacheka, kwa sababu kila mmoja ana mjomba wake. Mlevi anahubiriwa kama mtu aliyepotea. Shoga anahubiriwa kama mtu anayekuja kuchukua watoto. Aliyepotea unamtafuta umrudishe. Anayekuja kuchukua mwanao unamfanya nini?

Hapo ndipo ninapoona kazi ya maiki. Neno "dhambi" peke yake halijawahi kuipeleka taa kwenye nyekundu. Neno "watoto wenu" linaipeleka kila mara.

#5 Shangazi Wakili

Mnachanganya mezani vitu viwili, jinai na lawama. Ngoja niwatenganishie.

Jinai ya maneno ina kizingiti kirefu, na ni vizuri kiwe kirefu. Mwaka 2012 wataalamu chini ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa walikubaliana juu ya kinachoitwa Mpango wa Rabat. Kabla ya kumshtaki mtu kwa uchochezi unatazama mambo sita: hali ya mahali hapo wakati huo, msemaji ni nani mbele ya wasikilizaji wake, alikusudia nini, alisema nini na kwa namna gani, maneno yalifika wapi, na uwezekano wa madhara kutokea. Mtazameni mhubiri katika hilo la pili. Mimi nikiropoka hapa mtanipuuza, sikio la kufa halisikii dawa na la mzima halisikii shangazi. Yeye anasikilizwa na watu wanaoamini kwamba maneno yake yametoka juu. Sentensi ni ileile, uzito si uleule.

Huyo Lively alishtakiwa. Chama cha mashoga cha Uganda kilifungua kesi Massachusetts mwaka 2012, na mwaka 2017 jaji akaitupa kwa sababu mahakama yake haikuwa na mamlaka juu ya mambo yaliyotendeka nje. Ila kwenye uamuzi huohuo alimsema Lively kwa maneno makali sana, kwamba alisaidia kampeni katili ya ukandamizaji. Yaani alishinda kesi akatoka na aibu. Tena akakata rufaa, mshindi huyo, kutaka maneno yale yafutwe. Hakufanikiwa.

Na msidhani joho ni kinga. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimfunga mchungaji Elizaphan Ntakirutimana miaka kumi mwaka 2003, na padri Athanase Seromba akapewa kifungo cha maisha kwenye rufaa mwaka 2008. Hao lakini walifungwa kwa waliyoyatenda, si kwa mahubiri. Aliyeishia kwenye maneno, sheria mara nyingi itamwacha aende zake. Ndiyo maana swali la mleta mada haliishi mahakamani.

#6 Kasuku Mkimya

Kila mjadala wa namna hii mwisho wake anatajwa David Kato, mwanaharakati wa haki za mashoga wa Uganda. Kabla hajatajwa, semeni ukweli wote. Aliuawa 26 Januari 2011, kweli. Gazeti lilikuwa limechapa picha yake Oktoba 2010 na maneno ya kutaka wanyongwe, kweli. Lakini aliyemuua alikamatwa, akakiri, akafungwa miaka 30, na polisi walisema haikuhusiana na harakati zake. Hakuna mhubiri hapo. Msibebeshe watu maiti isiyo yao.

#7 Fundi Mitambo

Kasuku, umenizuia kusema uongo, asante. Sitasema aliuawa na mahubiri.

Nitasema cha mazishini. Kwa mujibu wa waandishi waliokuwepo, kasisi aliyekuja kuzika alishika maiki mbele ya jeneza akaanza kuwakemea waombolezaji, marafiki wa marehemu, akawatajia Sodoma. Ikawa vurugu, wenzake Kato wakamnyang'anya maiki. Kwenye maziko! Wanakijiji wakakataa kuzika, marafiki wakalibeba jeneza wenyewe hadi kaburini. Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilishamtenga kwa kuwasikiliza watu hawa, ndiye aliyekuwepo kuwafariji.

Unaona, pale hapakuwa na mtu wa kuua tena. Alikuwa amelala ndani ya sanduku. Lakini kulikuwa na kijiji kizima kinatazama kijifunze mtu kama yule, akifa, anatendewaje. Kasisi aliwafundisha.

#8 Ustadh wa Jioni

Assalaam alaykum. Nimeona wakristo mnapigana wenyewe kwa wenyewe, nikaona nije nibebe mzigo wa upande wetu, usije ukasahaulika mlangoni.

Mtwapa, pwani ya Kenya, Februari 2010. Ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wanataka kufunga ndoa. Uvumi tu. Ukapanda hadi kwenye mimbari, na viongozi wa pande zote mbili, masheikh na maaskofu, ambao kwa mambo mengine hawakai meza moja, wakatoa tamko pamoja: mashoga wafichuliwe, na kituo cha taasisi ya utafiti wa afya, KEMRI, kilichokuwa kikihudumia watu kwa habari ya UKIMWI, kimulikwe. Umati ukakizingira kituo. Watu wakapigwa, na polisi wakawakamata waliopigwa, ati kuwaokoa.

Sasa mimi nauliza kama mtu wa madrasa. Qur'ani, Sura ya Al-Hujurat, inatwambia akitujia fasiki na khabari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya hiyo watoto wa chuoni wanaihifadhi. Na katika mambo ya zinaa sharia inataka mashahidi wanne, na mwenye kumsingizia mtu bila hao ana adhabu yake. Sheria ngumu namna hii imewekwa kuwazuia watu wasirukiane. Siku ile aliyeichunguza khabari ni nani? Simlaumu kijana aliyeokota jiwe kuliko ninavyomlaumu aliyeijua aya akainyamazia.

Niseme msimamo wangu nisieleweke vibaya: tendo lile kwangu ni haramu, na nitalisema hivyo msikitini na popote. Lakini Februari 2025 kule Afrika Kusini aliuawa kwa risasi Muhsin Hendricks, imamu aliyejitangaza wazi kuwa shoga. Baraza la Mahakimu wa Kiislamu la kule lilikuwa likimpinga kwa miaka mingi, wakasema hivyo tena, lakini wakalaani mauaji. Jamaa zangu wengine walikasirika, wakaona baraza limelegea. Wapi limelegea? Hilo ndilo linalotakiwa: siku damu imemwagika, sauti yako isikike wazi.

#9 Mtoto wa Mchungaji

Ustadh, hapo mimi na wewe tumekutana. Baba yangu naye angelaani.

#10 Fundi Mitambo

Mkuu, naamini. Ila kulaani nako kuna namna zake, nami nimekuwa mkusanyaji wa laana zenye mkia.

Mfano bora ni wa Vatikani. Oktoba 1986 ilitoka barua kwa maaskofu wote, imesainiwa na Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI. Aya ya kumi inasikitika kwamba wapenzi wa jinsia moja wanashambuliwa kwa maneno na kwa vitendo, na inawataka wachungaji walaani jambo hilo popote linapotokea. Maneno mazuri, ningeyapandisha hadi taa iwe njano. Mistari michache mbele ndani ya aya hiyohiyo inasema sheria zikianza kulinda tabia hiyo, kanisa na jamii visishangae mabavu yakiongezeka. Visishangae! Umemshika mpigaji mkono, halafu ukamnong'oneza kwamba hasira yake unaielewa.

Mkia huo umezaa wajukuu. "Tunalaani mauaji, lakini na wao wasichokoze." "Sisi hatuungi mkono vurugu, ila jamii imechoka." Kwa sikio la fundi, katika sentensi ya namna hiyo sauti yote iko baada ya "ila".

Niwe mwadilifu, Katekisimu yao inasema wapokelewe kwa heshima na upole. Papa Fransisko naye Januari 2023 alisema kuwa shoga si jinai, akawagusa hata maaskofu wanaounga mkono sheria za kuwafunga. Siku chache baadaye, kwenye ndege wakitoka Sudan Kusini, alirudia, akiwa na Justin Welby, aliyekuwa kiongozi wa Waanglikana, na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, nao wakamuunga mkono. Bila mkia. Mei mwaka huohuo Uganda ikasaini sheria yenye adhabu ya kifo, Askofu Mkuu Kaziimba wa Waanglikana wa kule akaishukuru, na Welby akamwandikia kumwambia hadharani kwamba amekosea. Maaskofu wawili wa kanisa moja, kitabu kimoja cha sala. Kwa hiyo mtu asiniambie maandiko yalimfunga mikono.

#11 Kisu Butu

Bado hujajibu mabeberu wamekutumia ngapi.

#12 Sauti ya Tatu

Nimesoma tangu #1. Akaunti nimefungua leo kwa ajili ya uzi huu na huenda nisirudi.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Niliimba kwaya, sauti ya tatu. Mahubiri ya aina anayoisema fundi nimeyasikia nikiwa nimesimama mbele na joho la kwaya, kanisa zima linanitazama. Mwanakwaya kazi yake ni kuitikia amina. Niliitikia. Nadhani niliitikia kwa nguvu kuliko wenzangu.

Walionipiga sikuwa mgeni kwao. Mmoja tulikuwa tukishirikiana kitabu cha nyimbo. Alipokuwa ananipiga alikuwa anasema maneno ya mhubiri, kwa mpangilio uleule, mpaka mahali alipokuwa akivuta pumzi. Sisemi alitumwa. Yeye mwenyewe angekataa na angekuwa mkweli.

Mhubiri alikuja hospitali. Alinishika mkono, akaomba sala ndefu, nzuri kweli, nikalia. Hakuuliza ni nani walinipiga. Jumapili yake akasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Mama yangu alikuwepo, alisubiri mpaka orodha ikaisha.

Ustadh amesema sauti isikike. Mimi nilikuwa nataka jina langu tu lisomwe na wengine.

#13 Mtoto wa Mchungaji

Sauti ya Tatu, pole sana ndugu yangu. Nimempigia baba nikamsomea ulichoandika. Amekaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama wewe ni wa kwake. Nimemwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, na ndicho kinachomtisha.

#14 Shangazi Wakili

Sina cha kisheria hapo.

#15 Fundi Mitambo

Sauti ya Tatu, usipoteze nguvu kunijibu, pumzika.

Jana usiku nilichomeka diski yangu ya zamani. Rekodi ya siku ile bado ninayo nzima, saa moja na dakika ishirini. Nikaitafuta ile sentensi. Ina sekunde tatu. Nilipoipandisha mpaka isikike, feni nayo ikanguruma na mtoto mmoja akasikika analia mahali fulani kwenye mabenchi, lakini maneno yapo: "Lakini msiwapige, tuwaombee." Nimeisafisha nilivyoweza, nimemtumia mhubiri, nimemwomba aiseme upya Jumapili hii, uso ukiwa mbele ya maiki, na klipu nitamkatia bure.

Tiki zimekuwa za bluu tangu saa mbili asubuhi. Hajajibu.

Klipu ya zamani nimeifuta kwenye ukurasa wetu. Kisha nikaitafuta kwa maneno yake ya mwanzo, nikaikuta kwenye kurasa kumi na moja ambazo si zetu, zote zimekatwa palepale nilipokata mimi.